Chakula cha Kisii na Nyamira: Kigeni Si Haramu



Mwenyezi Mungu ametujaalia mataifa na makabila ili tupate kujuana, na katika njia za kujuana hatukuona iliyo karibu kuliko kula pamoja. Mtu aweza kukaa na jirani yake miaka kumi wakisalimiana mlangoni, asimjue hata siku moja. Lakini watakapotia mikono katika sinia moja, mazungumzo hufunguka yenyewe. Juma hili twapenda kuzungumza nanyi juu ya vyakula vya ndugu zetu Abagusii wa kaunti za Kisii na Nyamira, ambako tulikwenda kuwazuru jamaa na kusomesha siku chache. Wengi wetu wa pwani twaijua Kisii kwa ndizi zake na kwa mawe laini ya kuchonga yanayotoka Tabaka, wala hatujui wenyewe hula nini nyumbani kwao. Tumelichagua jambo hili kwa kuwa lina mas-ala ya dini ndani yake, na lina mas-ala ya nyumba zetu wenyewe, kama mtakavyoona mbele.

Atokaye Nairobi kwa barabara hupita Narok, Bomet na Sotik, kisha hufika Keroka, mji uliokaa mpakani baina ya Kisii na Nyamira. Baada ya tambarare kavu za Narok, msafiri hujikuta katika nchi ya vilima vya kijani. Mashamba ni madogo madogo, yamepangana kama mikeka iliyotandikwa: hapa chai, pale migomba, kando mahindi, bondeni miwa. Gari lisimamapo, akina mama na vijana huja madirishani na ndizi mbivu, maparachichi, mahindi ya kuchoma, na miwa iliyomenywa ikakatwa vipande vya kutafuna. Sisi tulianza na ndizi. Katika Suratul Waaqi'a imetajwa miti ya Peponi iitwayo talh, na wafasiri wengi wamesema kuwa ndiyo migomba. Mwenye kula ndizi ya Keroka akalikumbuka hilo, amekula na amevuna faida nyingine.

Mji wa Kisii wenyewe, ambao wenyeji huuita Getembe au Bosongo, huamka mapema. Sisi watu wa pwani desturi yetu ya kula barabarani ni ya jioni: viazi karai, mishkaki, mhogo wa kuchoma wenye pilipili na ndimu, na waliofika Unguja wanaijua Forodhani baada ya magharibi. Kisii mambo huanza asubuhi, kwa sababu ni nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya alfajiri humfanya mtu atafute kitu cha moto. Katika vibanda vya karibu na stendi, na katika soko kubwa la Daraja Mbili, utapata chai iliyopikwa kwa maziwa mengi, viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi za kuchemsha, mandazi na chapati. Kuinywa chai hiyo mahali ambapo majani yake yanachumwa vilimani, mbele ya macho yako, ni raha ya peke yake.

Kwa mgeni Muislamu, kula barabarani kuna hadhari mbili. Ya kwanza ni ya afya: chagua kilichotoka motoni sasa hivi, tunda limenye mwenyewe, na usione haya kuomba maji ya kunawa. Ya pili ni ya dini. Katika miji mingi ya Kenya huchomwa kando ya njia kitu kiitwacho mutura, nao ni utumbo uliojazwa nyama, na mara nyingi damu. Damu imeharamishwa kwa aya iliyo wazi, hapana shaka ndani yake. Basi uliza, na uulize kwa upole. Muuzaji akijua wewe ni Muislamu atakwambia ukweli, na huenda akakuelekeza kwa hoteli ya Waislamu, kwani mji wa Kisii una msikiti wake na Waislamu wake, wakiwemo Wanubi, kizazi cha askari walioletwa na serikali ya kikoloni.

Lakini barabarani huonja tu. Chakula chenyewe cha nchi hupatikana nyumbani. Sisi tulikaribishwa katika nyumba moja upande wa Nyamira, nyumba ya Wakristo Wasabato, jamaa wa mke wa mmoja wetu. Wasabato ni wengi sana katika kaunti hizi mbili, na wengi wa wasomaji wetu huenda hawajui kwamba dhehebu lao linawakataza nyama ya nguruwe na ulevi. Kwa hiyo mgeni Muislamu, anapoketi katika nyumba ya Msabato mwenye kushika dini yake, mambo mawili yanayomtia wasiwasi zaidi yamekwisha kuondolewa na mwenye nyumba kabla hajafika.

Tulinawishwa mikono kwa birika na mtoto wa nyumba, kama ilivyo kwetu. Kisha kikaletwa chombo kilichosukwa, wakiitacho ekee, na ndani yake obokima bwa wimbi: ugali wa rangi ya udongo mwekundu uliokoza, mzito, wenye harufu ya nafaka iliyokaangwa kidogo. Kando yake palikuwa na bakuli la mboga ya kijani iliyokoza iitwayo chinsaga, iliyopikwa kwa maziwa. Mkono hufanya kazi ile ile tuijuayo: kumega, kufinyanga, kubonyeza kwa kidole gumba, kuchota mboga. Tonge la kwanza la chinsaga lina uchungu. La pili uchungu umepungua, maziwa yanaonekana. La tatu mtu hutaka kujua ilipikwaje.

Tukauliza. Mama mzee wa nyumba ile, ambaye wajukuu walimwita kwa heshima na kumtumikia, alituelezea taratibu. Majani huchambuliwa moja moja kutoka kwenye vijiti, huoshwa mara kadhaa, huchemshwa, na maji ya kwanza yenye uchungu humwagwa. Kisha hutiwa maziwa na kuwekwa juu ya moto mdogo katika chungu, na kulazwa hadi kesho. Asubuhi huongezwa maziwa tena na kupashwa. Wengine huchanganya na rinagu au enderema ili kupunguza ukali. Na akatuambia kuwa chinsaga haikosi katika nyumba ya mwanamke aliyejifungua, kwani wazee wao wameiamini tangu zamani kwamba huongeza damu na kurudisha nguvu. Mama zetu wa pwani wenye uji wa pilipili manga kwa mzazi wataielewa hekima hiyo pasipo kufundishwa.

Hapa tutoe jambo moja la kufurahisha. Katika Ekegusii, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Mgeni kutoka pwani akisikia mtoto amwita mamake "baba" hudhani amesikia vibaya. Lakini maneno mengine ya mezani hayahitaji mkalimani. Nyama ni enyama. Kuku ni engoko. Ugali ni obokima, na sisi watu wa Mombasa tukiuita sima twatumia shina lile lile. Mnavu wetu ndio rinagu wao. Majani ya maboga, ambayo Waswahili wa zamani waliyaita msusa, wao huyaita risosa. Na hiyo chinsaga, mnadhani ni mmea gani? Ni mgagani. Huota wenyewe nyuma ya nyumba zetu baada ya mvua, na majirani zetu Wagiriama huupika na kuuita mwangani. Tulisafiri karibu kilomita mia nane ili tuheshimiwe kwa mboga ambayo pwani tunaing'oa kama gugu.

Sasa tuingie katika mas-ala ya dini, kwani tumeulizwa mara nyingi: Je, Muislamu ale katika nyumba ya asiye Muislamu?

Nafaka, mboga, matunda, maziwa na mayai havina neno. Asili ya vitu ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kukataza. Mtume (s.a.w.) aliitikia mwaliko wa Yahudi aliyemkaribisha kwa mkate wa shayiri na mafuta yaliyokwisha badilika harufu, naye hakuukataa.

Ama nyama, katika aya ya 5 ya Suratul Maida tumehalalishiwa chakula cha waliopewa Kitabu, na wanavyuoni wana maelezo marefu juu ya masharti yake, hasa katika madhehebu yetu ya Shafi. Lakini mgeni aliye vijijini ana njia nyepesi isiyo na khitilafu. Wenyeji wa bara wengi wanaijua desturi yetu, na mwenye nyumba aliyekusudia kukuchinjia kuku atakukabidhi kisu na kuku kwa furaha, uchinje mwenyewe. Sisi tulifanyiwa hivyo kabla hatujaomba. Mwenye kuona haya kushika kisu, na aseme tu kwamba leo atakula mboga. Hakuna mwenyeji anayekasirika kwa mgeni kuisifu mboga yake.

Ama vyombo, sahaba Abu Tha'laba al-Khushani (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) habari hiyo hiyo, kwa kuwa alikaa katika nchi ya watu wa Kitabu. Akaelekezwa kwamba akipata vyombo vingine atumie hivyo, na asipopata, avioshe kisha ale humo. Ndiyo dini yetu: haikupuuza usafi, na haikumfungia mtu mlango wa kula na jirani.

Ama kinywaji, pana uji wa wimbi, nao huitwa erongori. Mara nyingine unga wake huachwa uchachuke kidogo ili uji upate ukali wa kupendeza. Uchachu wa uji si ulevi. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia kwamba walikuwa wakimlowekea Mtume (s.a.w.) tende asubuhi akayanywa maji yake jioni, na Waswahili wameijua togwa tangu zamani. Lakini wimbi huo huo ukioteshwa ukawa kimea hutumika kutengeneza busaa, na busaa ni pombe. Kilicholevya kwa wingi wake, uchache wake pia ni haramu. Basi hapa tena ni kuuliza, na jibu hupatikana kwa neno moja.

Tumeeleza haya kwa urefu ili mpaka uonekane wapi ulipo. Kwa sababu ugonjwa wetu mkubwa, ndugu zangu, si kula haramu kwa kutojua. Ni kuita haramu, au kuita uchafu, kile ambacho hatukukizoea tu.

Sikilizeni kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim. Katika nyumba ya Bibi Maymuna (r.a.) kuliandaliwa nyama ya dhabbi, mjusi mkubwa wa jangwani. Mtume (s.a.w.) alinyoosha mkono, na alipoambiwa ni nyama gani akaurudisha. Khalid bin Walid (r.a.) akamuuliza kama ni haramu. Akajibu kuwa si haramu, ila hakipatikani katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikipendi. Khalid akakivuta akakila, naye Mtume akimtazama. Tazameni mafunzo yaliyomo. Kutopenda chakula si dhambi. Lakini hakusema ni kibaya, hakumkataza aliyekula, wala hakumvunjia heshima aliyekipika. Na Abu Hurayra (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) hakukitia chakula ila kamwe: akikipenda hula, asipokipenda hukiacha.

Tumekileta kisa hiki kwa sababu ya jambo tulilolisikia hapa kwetu, si Nyamira. Vijana wetu wengi siku hizi husoma na kufanya kazi bara, na baadhi yao wameoa huko mabinti waliosilimu au waliozaliwa katika Uislamu. Mmoja wa mabinti hao, kutoka upande huo wa Nyamira, ameolewa katika mji wetu. Amejifunza kupika wali wa nazi, biriani na mahamri, na watu wa nyumba wanakula na kusifu. Siku moja alipata mgagani sokoni, akaupika kwa maziwa kama alivyofunzwa na mamake. Mama mkwe akafunua sufuria, akasema hicho ni chakula cha bara, hakiingii mezani kwake, na sufuria ikaoshwe mara saba. Yule binti hakujibu. Tangu siku hiyo hapiki cha kwao, na alipojifungua mtoto wake wa kwanza aliwaficha wenyeji kwamba alikuwa akiitamani mboga ile. Habari hii tuliipata kwa mamake mzazi, ambaye aliisimulia kwa sauti ndogo huku akituongezea mboga katika bakuli letu.

Tulinyamaza, kwani hapakuwa na la kusema mbele ya mwenyeji aliyetukirimu.

Mama zetu, tuwaulize kwa mapenzi. Kuosha mara saba kumewekwa kwa chombo kilicholambwa na mbwa. Nani aliyeuweka mgagani katika hukumu hiyo? Binti yule ameacha kilima chake, lugha yake na watu wake. Ameingia katika nyumba yetu, anaswali nyuma yetu, anatuita mama. Je, imekuwa sharti la Uislamu wake pia auache ulimi wake usionje tena alichokula utotoni? Waarabu waliposilimu hawakuambiwa waache tende, wala Wahindi hawakuambiwa waache dengu. Biriani yenyewe tunayojivunia ilikuja kwetu kwa jahazi. Kama bibi zetu wangeoshea mara saba kila sufuria ya kigeni, leo tungekuwa tunakula nini siku ya Idi?

Na tujue kwamba mboga hizi zilidharauliwa kwao pia. Kwa miaka mingi watoto wa shule walionea haya mgagani na mnavu, wakavihesabu kuwa chakula cha mafukara, na kabeji na sukuma wiki zikachukua nafasi. Waliozirudisha ni wanavyuoni wa Kenya, na mashuhuri kati yao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye ametumia umri wake kuzitafiti mboga za kienyeji na kubainisha lishe iliyomo. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiingiza kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mema ya kuhifadhi urithi. Leo zauzwa katika maduka makubwa ya Nairobi. Na wimbi una kalsiamu zaidi ya mara kumi kuliko mchele, na una makapi yenye manufaa ambayo mchele uliokobolewa hauna. Katika miji yetu ambamo nyumba nyingi zina mgonjwa wa sukari, ugali wa wimbi mezani mara moja moja si jambo la kukimbia. Mgonjwa na amuulize daktari wake kipimo kimfaacho.

Kwa watakaopenda kujaribu, upikaji si mgumu. Chambua mgagani majani matupu, uoshe mara tatu, uchemshe, umwage maji. Tia maziwa yafunike nusu ya majani, chumvi kidogo, na uache moto mdogo mpaka yakaribie kukauka. Kisii huulaza chunguni usiku kucha, lakini joto la pwani litachachusha maziwa, kwa hiyo lako lilaze katika friji. Kesho ongeza maziwa kidogo, pasha, ule na sima. Asiye na maziwa atie tui la nazi. Yule mama wa Nyamira tulipomtajia tui alicheka, akasema atajaribu siku atakayoletewa nazi. Tumeahidi kumpelekea inshaallah.

Lakini lililo bora kuliko kupika wenyewe ni kumwambia mkaza mwana wako: "Mwanangu, juma hili tupikie cha kwenu." Kisha mkae naye jikoni, mchambue pamoja, umuulize mamake hupikaje. Kitakapoletwa mezani, sema Bismillahi na uonje. Ukikipenda, kula. Usipokipenda, kiache kwa uzuri na umwombee dua aliyekipika. Anas (r.a.) amesimulia kwamba fundi cherehani alimwalika Mtume (s.a.w.), naye Anas akamwona akifuatisha vipande vya mumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo Anas akalipenda mumunye. Watoto wetu pia wanatutazama tunapokula, na watapenda na kudharau kwa kufuata nyuso zetu.

Tunamuomba Allah atubarikie katika riziki zetu, azifanye nyumba zetu pana kwa wageni na kwa wake wa wana wetu, na awalipe kheri waliotulisha Kisii na Nyamira. Amin.

Wabillahi tawfiq.